Ametoneshwa kidonda: dhana potofu kuhusu vichochezi vya hisia

Mteja amekaa mbele yako, anasimulia vizuri tu. Nje mtu anabamiza mlango. Mabega yanapanda, mkono unakamata mkanda wa begi, sentensi inakatika katikati. Ukimuuliza kumetokea nini, anajibu, "Hamna kitu." Mara nyingi hadanganyi. Yeye mwenyewe hajaunganisha ule mlango na nyumba aliyokulia.

Kitu kama ule mlango, kinachoamsha maumivu ya zamani, washauri nasaha tunakiita kichochezi. Mtaani kuna maneno bora zaidi: ametoneshwa kidonda. Shida ni kwamba mambo kadhaa yanayosemwa kuhusu vichochezi, mengine na sisi wenyewe wenye vyeti ukutani, humchelewesha mteja.

Dhana: Kichochezi hufanana na tukio lenyewe

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na unyasi haufanani na nyoka kwa sumu wala kwa meno. Ubongo hushika chochote kilichokuwa karibu wakati wa maumivu: harufu ya sabuni, wimbo, tarehe, namna mtu anavyovuta kiti. Harufu ndiyo yenye njia ya mkato. Taarifa za milango mingine ya fahamu hupita kwanza kwenye thalamasi, kituo cha ubongo kinachopokea na kusambaza taarifa, lakini harufu hufika amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na woga, na maeneo ya kumbukumbu bila kusubiri kituo hicho.

Kwa hiyo swali la "hii imekukumbusha nini?" mara nyingi hugonga mwamba. Mimi huuliza dogo zaidi: sekunde chache kabla ya hapo ulikuwa unaona nini, unasikia nini, mwili wako ulianza kubadilika wapi? Tumbo na taya hujua mapema kuliko maneno.

Dhana: Dawa ni kukaa mbali na vichochezi

Hii ndiyo inayoharibu zaidi, kwa sababu inafanya kazi, ila kwa leo tu. Mteja akikwepa, moyo hutulia papo hapo, na ule utulivu ndio mshahara unaomfundisha kukwepa tena kesho. Anaanza kwa kuacha njia moja, halafu mtaa mzima, halafu hatoki ndani.

Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones alieleza alivyomsaidia mtoto aliyemwita Peter, ambaye hakuwa ametimiza miaka 3 na alimwogopa sungura kupita kiasi. Mtoto alipewa chakula anachokipenda, huku sungura akisogezwa karibu kidogo kidogo. Mwishowe Peter alimpapasa. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, aliijenga njia ya kupanda ngazi kwa ngazi huku mteja akiwa ametulia, akaichapisha kwenye kitabu mwaka 1958. Siku hizi wengi wetu hatusisitizi tena kwamba mteja lazima awe ametulia kwanza, lakini ngazi imebaki.

Kwa mteja wa mlango, ngazi inaweza kuwa hivi. Kwanza anasikiliza sauti iliyorekodiwa, akiwa ameshika kidhibiti cha sauti yeye mwenyewe. Halafu mshauri anafunga mlango wa chumba kwa nguvu kidogo baada ya kuhesabu hadi 3. Halafu bila kuhesabu. Halafu mteja anaubamiza kwa mkono wake, na hapa wengine hucheka, kicheko cha mtu aliyeshangaa kwamba bado yuko mzima.

Tahadhari moja isirukwe. Mteja anayeishi na mtu anayempiga hakwepi kichochezi, anakwepa kipigo. Huyo anahitaji usalama kabla ya ngazi yoyote.

Vilevile usitegemee sana maonyo ya kabla ya maudhui mazito. Uchambuzi uliojumlisha tafiti mbalimbali, uliotoka mwaka 2023, ulikuta hayapunguzi maumivu ya mtazamaji. Yanaongeza tu wasiwasi wa kusubiri.

Dhana: Hasira itolewe, mpe mto aupige

Mwaka 2002 mtafiti Brad Bushman aliwakasirisha washiriki, kisha baadhi wakapiga gunia la mazoezi wakimfikiria aliyewaudhi. Walitoka na hasira kubwa zaidi, na ukali zaidi, kuliko walioketi kimya tu. Mto hauna kosa. Kosa ni kumfanyisha mteja mazoezi ya jambo lilelile tunalotaka aliache.

Dhana: Basi asilifikirie kabisa

Mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake, mwaka 1987, waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na wapige kengele kila anapowajia akilini. Kengele zililia. Waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, dubu aliwajaa kichwani kuliko wale ambao hawakuwahi kukatazwa. Kinachosaidia ni kinyume chake, yaani kulitaja. Mtafiti Matthew Lieberman na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba mtu akiipa jina hisia anayoiona usoni pa mwingine pichani, amigdala yake hupunguza kasi. Jina liwe sahihi, lakini. "Nimeudhika", "nimeaibika" na "nimeachwa" ni vitu vitatu, na wateja wengi huviweka vyote kwenye kapu la "hasira".

Dhana: Mfundishe kupumua, yatosha

Kupumua polepole, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, kweli hupunguza mapigo ya moyo. Lakini mbinu iliyofundishwa leo haitapatikana kesho katikati ya dhoruba. Ifanyiwe mazoezi siku za shwari. Na wapo ambao kuangalia pumzi yao ndiko kunakowatia hofu, hasa wenye historia ya kukabwa au ya vipindi vya hofu kuu. Kwa hao, miguu ikanyage sakafu kwa nguvu, macho yatafute vitu vya rangi ya buluu chumbani.

Dhana: Aliyepona hatoneshwi tena

Kazi za mwanasaikolojia Mark Bouton zimeonyesha kwamba woga wa zamani haufutiki. Mafunzo mapya hukaa pembeni ya yale ya kale, na ya kale hurudi mahali papya au baada ya muda. Mazoezi yafanyike basi sehemu tofauti, si ofisini kwako peke yake. Na mteja akirudi akisema "nimeharibu kila kitu, nilitetemeka tena," muulize ilimchukua muda gani kutulia, na mara ya kwanza kabisa ilimchukua muda gani.

Dhana: "Umenitonesha", kwa hiyo kosa ni lako

Hapa tunahitaji ujasiri kidogo, maana kumwonea mteja huruma ni rahisi kuliko kuketi naye na kalamu. Mwanasaikolojia Marsha Linehan alitupa chombo kizuri: kuuchambua mnyororo wa tukio, kiungo kwa kiungo.

Tuseme mteja amempigia mwenzi wake na kumtukana baada ya kupokea ujumbe wa maneno mawili: "Tuongee jioni." Mnaandika. Usiku alilala kwa muda wa saa 4 tu. Mchana hakula. Ujumbe ukaingia. Tumbo likajikunja. Wazo likaja: "Ananiacha." Baba yake alikuwa akisema maneno hayohayo kabla ya adhabu. Dakika 2 baadaye, simu. Mwenzi alitaka kuzungumzia kodi ya nyumba.

Kisha unampa kalamu na kumuuliza angekata wapi. Mimi ningekata kwenye wazo. Mteja anaangalia karatasi muda mrefu, anapiga mstari juu ya "mchana hakula", mwingine juu ya "simu", na pembeni anaandika kwa mwandiko wake: nikisoma ujumbe wa namna hii na tumbo likajikunja, nakula kwanza, halafu naandika, "Ni kuhusu nini?"