Shepu mpya si gari jipya: ninayoyasikia kila wiki nikikagua sedani za familia

Jumamosi iliyopita nilikuwa chini ya Toyota Premio ya 2017 kwenye yadi moja ya Ngong Road, tochi mkononi, mteja kachuchumaa karibu na tairi. "Fundi, kwani unatafuta nini huko chini? Hii si ni shepu mpya?" Alikuwa ameshaniambia hivyo langoni, akarudia tulipofungua boneti. Muuzaji ndiye aliyempa maneno hayo, na kwa maneno hayo bei ilikuwa imepanda. Nimeyasikia mara nyingi mno mwaka huu, tena kwa watu wasomi wanaojua kuhesabu pesa zao, na sasa nimeona niyajibu kwa maandishi.

Premio ile ni ya msimbo T260, kizazi kilichoanza kuuzwa Japani Juni 2007. Toyota waliigusa sura 2010, wakaigusa tena Juni 2016, na hiyo ya 2016 ndiyo watu wa Nairobi wanaiita shepu mpya. Ilipata grili kubwa, taa nyingine, bampa nyingine, na mfumo wa usalama wa Toyota Safety Sense C wenye kamera na leza nyuma ya kioo cha mbele. Sasa ingia chini yake. Ile ya lita 1.5 bado ina injini ya jamii ya 1NZ-FE, ile ile ya 2007. Nafasi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,700, sawa na ya 2007, na sawa hata na ile T240 iliyotangulia, ya 2001. Mtoto ambaye magoti yake yanagusa kiti cha dereva kwenye Premio ya 2008 atakigusa kwenye ya 2018 pia. Mama wa familia akiniambia wanabadilisha gari "ili watoto wapate nafasi", nami naona wanatoka T260 kwenda T260, nashindwa kunyamaza.

Siikashifu Premio. Ndugu yangu anaendesha moja na mimi ndiye niliyemchagulia. Ninachotaka ni mnunuzi ajue analipia nini. Kama nyongeza ya bei ni ya kamera ya usalama na umri mdogo wa gari, sawa, hizo ni sababu za maana. Kama ni ya grili, basi ajue ni ya grili.

Kujua hakuhitaji fundi. Tafuta bamba la chasisi, au uombe karatasi ya mnada wa Japani, usome herufi na tarakimu zilizo kabla ya kistari: NZT260, ZRT260, ZRT261. Zikifanana na za gari la mwaka 2007, ni kizazi kile kile. Dakika moja tu, na bado watu hukaa yadi saa tatu wakibonyeza vitufe vya redio.

Mazda nayo inawachanganya watu kwa njia nyingine, kwa jina. Wapo wanaokataa Atenza ya 2018 kwa sababu "Mazda6 ndiyo mpya". Huko Japani Atenza ilibadilishwa jina ikawa Mazda6 mwaka 2019, na zote mbili ni GJ, kizazi kilichoanza 2012. Hapa lakini nitaitetea ile sura ya 2018: walibadilisha viti na dashibodi, na ukitoka ya 2014 ukakalia hiyo, mgongo wako utakwambia.

Halafu kuna Camry, na hapo neno "mpya" lina uzito. Kutoka AVV50, kizazi kilichotangulia, hadi AXVH70, iliyozinduliwa Julai 2017, Toyota walianza upya: chasisi nyingine, injini ya 2.5 nyingine, ekseli zikasogezwa mbali kutoka milimita 2,775 hadi 2,825, betri ya haibridi (mfumo wa mafuta na umeme) ikatolewa nyuma ya kiti ikawekwa chini yake, na buti likapanuka. Nyuma ikapewa sasipensheni yenye mikono miwili kila upande. Abiria wa nyuma analala vizuri zaidi, naam, lakini bushi za kubadilisha zimeongezeka, na gari linakaa chini zaidi. Nimeona AXVH70 iliyokwaruzwa tumbo lote na matuta ya mtaa mmoja wa Kasarani ambayo Premio huyapita bila neno. Ukiishi nyuma ya matuta kama hayo, muundo mpya unaweza kuwa hasara kwako hata kama ni bora kwenye lami ya Japani. Kwa hiyo nawaambia wateja: leta mke au mume, leta watoto, leta na nyanya kama huwa mnampeleka kanisani, jazeni gari, kisha liendeshwe hadi mlangoni kwenu na kurudi. Muuzaji anayekataa hilo, muage.

Wachache wenye uwezo hunitajia Camry iliyoonyeshwa mwishoni mwa 2023, XV80, kama kizazi kipya kabisa. Toyota wenyewe wanaihesabu kizazi cha tisa. Msingi wake hata hivyo ni ule ule wa XV70, yaani kizazi cha ile AXVH70, na zile milimita 2,825 hazijaguswa.

Mimi binafsi hupenda gari la mwisho mwisho la kizazi kinachoondoka. Sheria yetu ya KEBS, shirika la viwango, haikubali kuingizwa gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, ukihesabu na mwaka huo wa kwanza, ndiyo maana mwaka 2025 mstari ulikuwa 2018, na karibu na mstari huo ndiko utakutana na magari ya namna hiyo. Kasoro zake zimeshajulikana na nyingi zimesharekebishwa kiwandani, na fundi wa mtaani ameshajifunzia kwenye magari ya watu wengine.

Haya ndiyo mengine ninayoambiwa yadini, na ninavyoyajibu.

"Shepu mpya haina spea." Ya Premio inazo, maana breki, bushi na plagi za kizazi kile zimejaa Kirinyaga Road. Kinachouma ni taa, bampa na vioo vya pembeni vya sura mpya. Na kioo cha mbele: ukikibadilisha bila kamera kupangwa upya kwa mashine, mfumo wa usalama uliolipia haufanyi kazi inavyopasa.

"Sitaki Camry, ina CVT." CVT ni gia zisizo na hatua. Gia za haibridi ya Toyota zinaitwa hivyo lakini hazina mkanda wala puli. Ni gia za sayari zinazofanya kazi na mota mbili za umeme. Premio unayoikimbilia ndiyo yenye CVT ya mkanda, na haina shida ukibadilisha oili yake kwa wakati na kwa aina inayotakiwa.

"Imeandikwa kilomita 33.4 kwa lita." Hiyo ni Camry ya daraja la X, kwa kipimo cha zamani cha Japani, JC08, kinachopendelea gari. Magari ya karibuni hupimwa kwa WLTC, ambacho ni kikali zaidi. Ukilinganisha namba za vipimo viwili tofauti, gari la zamani litaonekana linakula kidogo kuliko jipya.

"Injini zote zina farasi zile zile." Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Injini isiyo na tabo, ile pampu ya kusukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, yaani karibu asilimia 18 hapa mjini, na zaidi ukipanda Limuru. Yenye tabo hupoteza kidogo tu ukilinganisha na nguvu yake pwani. Usilinganishe sedani mbili kwa karatasi. Zipandishe mlima zikiwa na watu.

"Betri ya haibridi hufa ghafla." Mara nyingi huwa imenyimwa hewa kwa muda mrefu. Kwenye AXVH70 feni huvuta hewa kupitia tundu lililo kwenye kiti cha nyuma, na vumbi letu huziba chujio lake. Nimewahi kukuta tundu limefunikwa na blanketi ya mtoto, ikakaa hapo tangu familia inunue gari. Chujio lenyewe lilitoka jeusi. Tulilisafisha, tukarudisha kiti, na blanketi ikahamishiwa buti.