Kushirikisha mafaili nyumbani: kuonana na kufikiana

Kushirikisha mafaili katika mtandao wa nyumbani ni kuiruhusu kompyuta moja ifungue folda iliyo ndani ya kompyuta nyingine kupitia ruta inayoziunganisha, bila flashi na bila kuyapandisha mafaili hayo kwenye intaneti. Faili linalotoka kompyuta ya sebuleni kwenda ya chumbani hufika kwenye ruta na kugeukia huko huko. Halitoki nje ya nyumba wala haligusi kifurushi, na hata bando likiisha kazi huendelea kama kawaida. Nalisisitiza hili kwa sababu hapa Dar es Salaam nimewaona watu wengi wakijitumia video nzito kwa WhatsApp kutoka laptopu moja kwenda nyingine iliyo juu ya meza hiyo hiyo, wakilipia kupandisha na kushusha kitu ambacho hakikuwa na haja ya kwenda popote.

Ndani ya dhana hii mna mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na kuyachanganya ndiko kunakowapotezea jioni nzima. La kwanza ni kuonana, yaani jina la kompyuta moja kujitokeza katika orodha ya mtandao ya kompyuta nyingine. La pili ni kufikiana, yaani folda kufunguka na faili kusomeka. Kompyuta zinaweza kuonana zisifikiane, na zinaweza kufikiana bila kuonana. Kabla ya kugusa mpangilio wowote, jiulize kwanza ni lipi kati ya haya mawili limekwama.

Siku moja huko Tabata mpwa wangu aliniita akasema, “Mjomba, naiona, ila haifunguki.” Alikuwa akitafuta folda ya vipimo vya wateja wa mama yake, ambaye ni fundi cherehani, iliyokuwa katika kompyuta ya mezani sebuleni. Dirisha lilikuwa limemwomba jina na nywila, naye alikuwa akiandika tarakimu nne anazozitumia kila asubuhi kuifungua laptopu yake. Tarakimu hizo hufungua kifaa hicho kimoja tu. Kinachotakiwa ni jina na nywila ya akaunti iliyo katika kompyuta yenye folda. Tulipokwenda sebuleni tukakuta kwamba akaunti ya mama haikuwa na nywila kabisa, na Windows, isipobadilishwa, humkatalia mtu kuingia kwa njia ya mtandao kwa akaunti isiyo na nywila, ingawa mwenye kompyuta akiketi mbele yake huingia bila kuulizwa lolote. Tuliunda akaunti ya pili yenye nywila, kwa kazi hiyo tu, tukaipa ruhusa ya kuisoma folda ile, nayo ikafunguka. Ruhusa nazo ziko za aina mbili, ile ya kushirikisha folda na ile ya mafaili yenyewe ndani ya diski, na zikitofautiana, kali ndiyo inayofuatwa. Ndiyo maana mtu huweza kuifungua folda kisha akashindwa kuhifadhi ndani yake.

Kukwama kwa kuonana kuna chanzo kingine. Windows za sasa, zinapounganishwa na waifai mpya, huuhesabu mtandao huo kuwa wa umma, kama vile upo mgahawani au uwanja wa ndege, kwa hiyo huificha kompyuta na kuziba milango yake. Huo ni uangalifu mzuri na haufai kuondolewa kwa kuizima ngome ya kompyuta (firewall), yaani programu inayozuia miunganisho isiyotakiwa, kama wengi wanavyoshauriana. Ingia katika mipangilio ya mtandao, fungua sifa za waifai ya nyumbani, na uutaje mtandao huo kuwa wa faragha, katika kompyuta zote mbili. Kisha hakikisha kwamba ugunduzi wa mtandao na ushirikishaji wa mafaili vimewashwa. Hakikisha pia kwamba kompyuta yenye folda haijalala.

Ikiwa bado haionekani, iache orodha na uijaribu moja kwa moja anwani, yaani namba inayoitambulisha kompyuta ndani ya mtandao. Katika kompyuta yenye folda, amri ya ipconfig, inayoandikwa katika dirisha la amri (Command Prompt), itakuonyesha anwani yake, tuseme 192.168.1.12. Katika ile nyingine, fungua dirisha la mafaili na uandike \\192.168.1.12 mahali pa anwani. Folda zikijitokeza, basi kufikiana kupo na kilichoharibika ni kuonana tu. Nakipenda kipimo hiki kuliko amri ya ping, inayouliza tu kama kompyuta ya pili inaitika, kwa kuwa ngome huweza kuinyamazia ping hata pale ambapo kompyuta ni nzima.

Anwani hizo hizo hufichua tatizo linalozidi kuonekana katika nyumba zetu za kuta nene za tofali, ambako ruta moja haitoshi na mtu huongeza ya pili. Kompyuta moja ikiwa na 192.168.1.12 na nyingine 192.168.0.5, mara nyingi maana yake ni kwamba ruta ya pili imeunda mtandao wake ndani ya ule wa kwanza, na aliye nyuma yake hafikiki kutoka upande wa pili, hata kama jina la waifai ni lile lile. Dawa ni kuipa ruta ya pili anwani isiyogongana na nyingine, kuizuia isigawe anwani, na kuihamishia waya katika tundu la kawaida badala ya lile la intaneti. Mtandao wa wageni nao huwatenga walio ndani yake kwa makusudi. Anwani inayoanza na 169.254 ni habari nyingine tena: kompyuta hiyo haikupewa anwani na ruta, ikajipangia yenyewe.

Kuna ushauri mmoja ambao naomba usiufuate, wa kuwasha toleo la kwanza la itifaki ya SMB, ambayo ndiyo lugha ya kompyuta hizi katika kupeana mafaili. Udhaifu wa toleo hilo ndio uliopitiwa na kirusi cha WannaCry mwezi Mei 2017, na mwaka huo huo Microsoft ikaacha kuliweka katika Windows 10 mpya. Maelezo yanayokutaka uunde kikundi cha nyumbani (HomeGroup) nayo yamepitwa na wakati, kwani huduma hiyo iliondolewa mwaka 2018.

Mwisho, umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kugawa anwani upya, na njia ya mkato iliyofanya kazi jana ikaelekea kwenye simu ya mtu. Ingia katika ruta uiwekee kompyuta yenye folda anwani ya kudumu.