Kazi na nishati: kwa nini mtungi ulioshikwa tu hauhesabiwi

Watu wengi wanasoma fizikia wakidhani kazi ni kuchoka, alafu wakiambiwa kusimama na mtungi wa lita 20 mkononi ni kazi sifuri wanaona wanadharauliwa. Kazi hapa ni hesabu ya nishati iliyohama kutoka kitu kimoja kwenda kingine kwa kusukuma ama kuvuta, na ili ihame lazima kitu kisonge. Unachukua kani, yaani nguvu ya huko kusukuma ama kuvuta, inayopimwa kwa nyutoni, unazidisha na umbali ambao kitu kimesonga kufuata ile kani, jibu linakuja kwa kipimo kinaitwa juli, na nishati nayo inapimwa kwa juli hizo hizo.

Sasa maji yamepotea kwa ploti huko mtaa wa Pipeline, Nairobi, na wewe unaishi floo ya tano. Lita 20 ni kilo 20, dunia inauvuta mtungi kwa nyutoni 200 hivi, kupanda tuseme ni mita 15, so 200 mara 15 unapata juli 3,000. Hizo hazijapotea, ziko na mtungi huko juu, na mtungi ukianguka kutoka kwa balkoni zote zinageuka mwendo (mungu apishe mbali). Ukipumzika kwa ngazi bado umeushika, mtungi hauongezi hata juli moja. Lakini mkono unauma na uchungu ni wa kweli kabisa, manake misuli inakaza na kulegea ndani kwa ndani, inachoma chakula, ila nishati yake inaishia kuwa joto mwilini, haifiki kwa mtungi.

Mahali hii kanuni ina uzito zaidi ni barabarani. Kitu kinachoenda kina nishati ya nusu ya masi (kilo zake) mara spidi mara spidi tena. Matatu ya kilo 3,000 ikienda kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, ina juli 150,000, na ikifika 72 ina juli 600,000. Ili isimame lazima breki zifanye kazi ya kuitoa nishati hiyo yote, na kama kani ya kuisimamisha ni nyutoni 15,000, kwa 36 inasimama baada ya mita 10, kwa 72 inataka mita 40, na hapo sijahesabu ule muda kabla dere hajakanyaga. Spidi mara mbili, umbali mara nne! Yeyote anayekata Thika Road mbio chini ya daraja ya kuvukia anafaa kuijua hii hesabu.

Na hizo juli zinaenda wapi? Karibu zote zinakuwa joto. James Prescott Joule wa Uingereza alionyesha hivyo miaka ya 1840, aliacha vyuma vizito vishuke vikizungusha makasia ndani ya maji, maji yakapata joto linalolingana na kazi iliyofanyika. Ndo maana lori lenye mzigo likiteremka kwenda Mai Mahiu dereva anaweka gia ndogo, injini ibebe sehemu ya hiyo kazi, kwa sababu breki zikiachiwa zote zinachemka hadi zinaacha kushika.