Kanoni ya Biblia si kura za Nikea

Juzi hapa Masasi nimekaa kijiweni nakunywa kahawa nikisubiri gari ya Ndanda, nikasikia tena ile habari. Kaka mmoja anawaelezea wenzake kwa kujiamini kabisa kwamba "kanuni ya Biblia" ni sheria iliyotungwa na mfalme wa Roma, eti mwaka 325 aliwaita maaskofu Nikea, mji uliokuwa Uturuki ya leo, wakapiga kura kitabu gani kibaki na kipi kichomwe moto, ndo maana Biblia haiaminiki. Aliyekaa pembeni yake, mlokole, akaruka juu, akasema muongo wewe, Biblia ni vitabu 66 na imekuwa hivyo hivyo tangu mwanzo, hakuna mtu aliyewahi kukaa kuchagua. Gari ikaja nikapanda, lakini njia nzima limenikaa moyoni, maana wote wawili wamekosea kwenye neno moja na juu ya hilo neno mmoja amejengea shaka yake na mwingine imani yake.

Maana yenyewe ni fupi. Kanoni ya Biblia ni orodha ya vitabu ambavyo jumuiya fulani ya waumini inavikubali kuwa ndiyo Maandiko Matakatifu. Basi.

Sasa neno lilikotoka, hapo ndipo kwenye utamu. Kiebrania kuna neno kane, maana yake mwanzi au tete. Soma Ezekieli 40, kuna mtu amesimama mlangoni ameshika mwanzi wa kupimia, wa dhiraa sita, anapima ukuta wa hekalu. Wagiriki nao walikuwa na neno la ukoo huo huo wa mwanzi, wakapata kanon, yani ufito ulionyooka ambao fundi anaupimia kazi yake. Sisi wa huku hatuhitaji picha ya kitabuni kuelewa hilo. Marehemu mjomba wangu alikuwa fundi wa nyumba za udongo, tepu hakuwa nayo, alikuwa anakata mwanzi mmoja anaupima kwa macho mpaka aone umenyooka, anautia alama kwa panga, kisha mlango, madirisha, nafasi ya nguzo hadi nguzo, vyote vinapimwa kwa huo huo. Jioni anauchomeka kwenye nyasi za paa juu ya mlango, na ole wako mtoto uuchukue ukaangulie mabibo. Ule mwanzi ndo kanon.

Kutoka ufito likawa neno la kipimo chochote, kutoka kipimo likawa kigezo, na kutoka kigezo likawa pia orodha ya vitu vilivyokubalika. Waarabu walilipokea kwa Wagiriki wakasema qanun, na sisi tukalipata kwao tukasema kanuni, ndo maana Paulo kwenye Wagalatia 6:16 kwa Kigiriki ameandika kanon na kwenye Biblia yetu ya Kiswahili unakuta kanuni. Hata ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu ya Unguja inaitwa kanuni, neno ni hilo hilo. Na ukitaka kushangaa zaidi, kalamu unayoandikia nayo ni mwanzi, Wagiriki waliita kalamos, ila huo ni mwanzi mwingine tusipotee.

Shida inaanzia hapa. Neno hili moja lilibeba mizigo miwili kanisani kwa wakati mmoja. Mzigo wa kwanza ni orodha ya vitabu. Mzigo wa pili ni taratibu za kanisa, vile vifungu ambavyo maaskofu wakikutana kwenye baraza wanavipitisha, kimoja kimoja kinaitwa kanon. Na baraza la Nikea la mwaka 325 kweli lilitoa kanoni, tena 20, zipo mpaka leo unaweza kuzisoma zote kwa mkupuo mmoja kabla chai haijapoa. Ya kwanza inahusu makasisi waliohasiwa, ya 17 inawakataza makasisi kukopesha kwa riba, ya 20 inasema Jumapili watu wasali wamesimama wasipige magoti. Orodha ya vitabu vya Biblia hakuna. Hata moja. Baraza lilikaa kwa sababu ya mafundisho ya Ario, kasisi wa Aleksandria, kuhusu Kristo kama ameumbwa au hakuumbwa, na likakubaliana pia namna ya kuipata tarehe ya Pasaka. Kwa hiyo mtu anasikia "kanoni za Nikea", anasikia "kanoni ya Biblia", anaunganisha, imeisha hiyo, na akishaunganisha anakuja kutufundisha kijiweni.

Na hiyo hadithi ya kura haikuanzia intaneti, kuna maandishi ya Kigiriki ya karne ya 9, miaka zaidi ya 500 baada ya baraza lenyewe, yanayosimulia kwamba pale Nikea vitabu vyote viliwekwa kwenye altare, wakaomba, vya kweli vikabaki juu na vya uongo vikakutwa chini. Mwandishi Voltaire kule Ufaransa akaisambaza kwa kuikejeli, ndo ikasafiri mpaka kwetu imeshabadilika, miujiza imekuwa kura. Konstantino, yule mfalme wa Roma, alichofanya kweli kuhusu vitabu ni kumwagiza Eusebio, askofu wa Kaisaria, amtengenezee nakala 50 za Maandiko kwa ajili ya makanisa ya mji wake mpya, na hiyo ni miaka kadhaa baada ya Nikea.

Orodha ya Agano Jipya ilikua polepole na bila mkutano mmoja wa kuimaliza. Karibu mwaka 144 Roma kulikuwa na mwalimu mmoja anaitwa Marsioni, yeye alitaka Luka peke yake, tena aliyemkatakata, na nyaraka 10 za Paulo, kanisa likamkatalia. Karibu mwaka 180 Ireneo, askofu wa Lyon, anaandika kwamba injili ni nne, siyo zaidi wala pungufu. Mwaka 367 Athanasio, askofu wa Aleksandria pale Misri, katika barua yake ya Pasaka anataja vile vitabu 27 tulivyonavyo leo, na tunavyojua ndiye wa kwanza kuvitaja hivyo hivyo bila kuongeza wala kupunguza. Alafu yakaja mabaraza ya Hipo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, Algeria na Tunisia ya leo hayo, nayo yakataja vitabu hivyo hivyo 27. Misri, Algeria, Tunisia! Nasema kwa nguvu kwa sababu kila nikisikia "Wazungu walijichagulia vitabu" naumia, kazi kubwa ya orodha hii imefanyika kwenye bara hili.

Sasa nije kwa yule ndugu mlokole, maana na yeye simwachi. Kusema hakuna aliyewahi kuchagua si kweli. Waebrania, Yakobo, 2 Petro, 2 na 3 Yohana, Yuda na Ufunuo vilijadiliwa muda mrefu, sehemu nyingine vinasomwa sehemu nyingine vinatiliwa mashaka, na Eusebio anayaandika mabishano hayo wazi bila kuficha. Ile nakala kubwa ya Kigiriki ya karne ya 4 iliyokutwa kwenye monasteri ya Sinai ina Waraka wa Barnaba na kitabu kiitwacho Mchungaji wa Herma, ambavyo leo havimo kwenye Biblia zetu, pamoja na vitabu vya Agano Jipya.

Na 66 ni hesabu ya nani? Mwaka juzi tulikuwa kwenye msiba, marehemu Mkatoliki, ndugu zake wengine Wapentekoste, mimi Mwanglikana, wajomba upande wa mama Waislamu wamekaa pale kwenye mkeka, msiba wa huku ndo ulivyo. Likasomwa somo la Hekima ya Sulemani sura ya 3, roho za wenye haki zimo mikononi mwa Mungu. Shangazi mmoja wa kipentekoste alikuwa anafuatilia kwenye Union Version yake ya 1952, nikamuona anafunua Mithali, anafunua Mhubiri, anaenda Wimbo Ulio Bora, anarudi, anatazama wenzake, mwisho akaifunga Biblia na kuiweka mapajani. Baada ya maziko akaniambia kwa sauti ya chini, mwanangu, hawa wameongeza kitabu. Nikamwambia hapana shangazi, hawakuongeza juzi. Hekima imo kwenye orodha ile ya Karthago ya 397, Wakatoliki walikuja kuifunga rasmi orodha yao kwenye baraza la Trento mwaka 1546 wakiwa na vitabu 73. Wayahudi hawana Hekima na hivyo vitabu vingine vya ziada kwenye Biblia yao ya Kiebrania, Jeromu mwenyewe aliyetafsiri Kilatini alisita juu yake, na Luther kwenye Biblia yake ya 1534 aliviweka katikati ya maagano mawili kama vitabu vizuri kusoma lakini siyo sawa na Maandiko. Sisi Waanglikana tunavisoma kwa mafundisho ya maisha ila hatujengi juu yake fundisho la imani. Wahabeshi wa kanisa la Orthodoksi wanahesabu 81, na kitabu cha Henoko kimo, kile kile ambacho Yuda anakinukuu. Kwa hiyo mtu akikuambia "kanoni" muulize kwanza ya nani, hapo hapo Masasi mjini mtaa mmoja una kanoni mbili tatu.

Kuna na hili la Barnaba. Ule Waraka wa Barnaba niliotaja ni maandishi ya zamani sana. Injili ya Barnaba inayoshikwa kwenye mihadhara ya dini, eti ilitolewa Nikea, ni kitabu kingine kabisa, nakala zake zinazojulikana ni za Kiitaliano na Kihispania na hazivuki nyuma ya karne ya 16, na ndani yake inatajwa jubilei ya kila miaka 100, jambo lililoanzishwa na Papa Bonifasi wa Nane mwaka 1300. Huwezi kusema kitu hicho kilitolewa Nikea. Alafu wala Muislamu haihitaji hiyo hoja. Mjomba, yule yule wa mwanzi, aliniambia kwake yeye Injili ni kitabu alichopewa Nabii Isa, kimoja, kwa hiyo nikimletea nne zilizoandikwa na watu wengine swali lake ni tofauti kabisa na orodha, na nikaona ana haki ya kuuliza hivyo bila kumtaja Konstantino.

Maana kanoni haikuambii kama kilichoandikwa ni kweli. Mwanzi unakuambia mlango huu umefuata kipimo, haukuambii kama nyumba itahimili masika. Anayetilia shaka ana mambo ya kweli ya kushika: injili zote nne hazitaji jina la mwandishi ndani ya maandishi yenyewe, Marko 16:9-20 haimo kwenye ile nakala ya Sinai, na Luka anaweka kuzaliwa kwa Yesu kwenye hesabu ya watu ya Kirenio, mtawala wa Shamu, ambayo wanahistoria wengi wanaipa mwaka wa 6 BK, wakati Herode, ambaye Mathayo anasema Yesu alizaliwa siku zake, alikufa mwaka wa 4 KK. Anayeamini naye anayo yake: nyaraka za Paulo zimeandikwa ndani ya miaka ishirini thelathini hivi baada ya kusulubiwa, watu walioona wakiwa bado wapo hai, jiwe lenye jina la Pontio Pilato lilichimbuliwa Kaisaria mwaka 1961, na gombo la Isaya la Qumran, kwenye mapango karibu na Bahari ya Chumvi, lilipotokea mwaka 1947 likakutwa ni la zamani kwa karibu miaka 1000 kuliko nakala za Kiebrania zilizokuwa zinategemewa, na maneno kwa sehemu kubwa ni yale yale. Na wengi ninaowajua mimi hawaamini kwa ajili ya mawe wala magombo, wanaamini kwa sababu lile neno liliwashika siku ya shida na halikuwaachia. Hayo yote tunaweza kubishana mpaka kahawa iishe na kila mmoja akaondoka na heshima yake. Ila siyo kwa kura ambazo hazikupigwa.

Ushauri wangu mdogo tu wa lugha, tuandike kanoni tukimaanisha orodha ya vitabu, na kanuni tuiache kwa taratibu na sheria, angalau masikio yatapumzika. Na wewe kaka wa pale kijiweni, ukisema Biblia imepita mikononi mwa watu na ina historia, upo sahihi na mimi sina ugomvi nawe, badilisha tu mji na mwaka: sema Aleksandria, 367, barua ya Athanasio, Nikea waachie Ario na Pasaka. Na wewe ndugu yangu mlokole, sema "kwetu sisi ni 66".