Magari ya kale: yanayosemwa na yaliyojificha chini ya rangi

Mpenzi wa magari ya zamani akienda kuliona gari la ndoto zake, huomba kwanza liwashwe asikilize mlio. Injini ikiunguruma vizuri, ameshanunua moyoni kabla bei haijatajwa. Makosa mengi huanzia hapo.

Dhana: Injini ikiwa nzima, gari ni zima

Injini ya kale ndiyo sehemu rahisi. Ringi za pistoni, beringi na gasketi za modeli zilizotoka kwa wingi, kama Volkswagen Beetle ambayo yalitengenezwa zaidi ya magari milioni 21, bado zinapatikana, na fundi mzuri huishusha injini, akaifungua na kuirudisha. Kinachomaliza pesa ni bodi: bati lililooza hukatwa, jipya likakunjwa kwa umbo lilelile, likachomelewa, ndipo rangi ifuate.

Kwa hiyo anza chini. Kagua vizingiti vya milango, sakafu chini ya mazulia, ndani ya matao ya magurudumu, kitako cha betri (asidi hula bati) na sehemu springi zinaposhikia chesisi. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini, uipitishe taratibu. Isiposhika kwenye bodi ya chuma, chini ya rangi kuna pati nene, yaani lipu ya kuficha mashimo na mabonde. Ila usiitumie kuhukumu Chevrolet Corvette, maana bodi yake ni ya faibaglasi tangu 1953.

Dhana: Land Rover za zamani haziozi

Nusu ya kweli. Paneli nyingi za nje ni aluminiamu, lakini chesisi na ukuta ulio mbele ya dereva ni chuma, navyo huoza kama kawaida. Tena chuma na aluminiamu vikigusana penye unyevu, aluminiamu huanza kuliwa na kugeuka unga mweupe. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo, hasa upande wa nyuma: mlio mkavu ni heri, mlio wa kufa ni dalili ya kutu ndani.

Dhana: Liwashe dakika tano kila wiki, halitaharibika

Huu ndio ushauri unaotolewa kwa nia njema na kuharibu magari mengi. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji. Dakika tano hazitoshi kuipasha moto oili wala salensa, hivyo maji hubaki humo: oili inachafuka, salensa inaoza kutoka ndani, na betri haijarudishiwa umeme uliotumika kupiga starta. Liendeshe nusu saa au zaidi. Geji ya joto la maji isikudanganye, oili huchelewa kupata moto kuliko maji.

Kama halitatoka kwa miezi kadhaa, liache lipumzike kwa utaratibu. Badilisha oili kwanza, kwa kuwa iliyotumika ina asidi. Jaza tanki ili unyevu usipate nafasi, chomoa waya hasi wa betri, ongeza upepo kwenye matairi. Usivute breki ya mkono, maana viatu vya breki hugandia kwenye ngoma zake. Weka kabari magurudumuni. Petroli iliyolala muda mrefu huacha utomvu unaoziba vijitundu vya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), na hapo ndipo watu husema gari "limekufa injini".

Dhana: Matairi yana kashata (meno ya tairi), bado mazuri

Tazama tarakimu nne za mwisho za msimbo ubavuni: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Zikiwa tatu tu, tairi ni la kabla ya 2000, litupe. Gari la maonyesho hutembea kidogo, kwa hiyo mpira huzeeka na kupasuka kabla kashata hazijaisha. Maji ya breki nayo hunyonya unyevu hata gari likiwa limesimama. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili, na usichanganye maji ya aina ya DOT 5, ambayo ni ya silikoni, na ya DOT 3 au 4.

Dhana: Kilomita chache ndizo hizo unazoziona

Mita nyingi za zamani zina tarakimu tano. Zikifika 99,999 hurudi sifuri. Amini zaidi pedali zilizolika, usukani uliong'aa kwa mikono na kiti cha dereva kilichobonyea.

Dhana: Chuma kizito cha zamani kinalinda zaidi

Mwaka 2009 nchini Marekani, taasisi ya usalama barabarani ya IIHS iligonganisha uso kwa uso Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja ikienda takriban kilomita 64 kwa saa. Chumba cha abiria cha Bel Air kilisambaratika, usukani ukamsogelea sanamu wa dereva. Cha Malibu kilibaki kizima. Sehemu ya mbele ya gari jipya imeundwa ikunjike yenyewe, ili nguvu ya kishindo iishie kwenye bati kabla ya kumfikia dereva. Mkanda wa pointi tatu (unaopita begani na kiunoni), kama sehemu za kuufungia zipo au fundi anaweza kuziimarisha, ni wa kufungwa kabla ya krome na redio.