Buti za mlimani: kamba, kitufe au velkro?

Nakarabati buti hapa Mwanza, na wateja wangu wengi ni waongoza watalii na vijana wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro. Wakiuliza wanunue ipi, huwa wameshaigeuza kutazama soli. Mimi hutazama kwanza inavyofungwa, maana soli nzuri haisaidii kitu kisigino kikicheza ndani.

Chaguo langu ni kamba, na sababu ni mteremko. Ukishuka, mguu husukumwa mbele na vidole hugonga ncha ya buti. Kutoka mita 5,895 za kilele cha Uhuru hadi getini, kucha huumia kweli. Kamba hukuwezesha kulegeza hapa na kukaza pale. Karibu na vidole acha nafasi, kwa kuwa mguu huvimba kadiri unavyotembea. Ukifika pale mguu unapokunjika, pindanisha ncha mbili za kamba mara mbili na uvute: hapo mkazo wa juu na wa chini hutengana. Kwenye kulabu za juu, vile vidoano vya kushikia kamba, acha kamba ilegee kidogo unapopanda. Kabla ya kushuka keti, kaza upya, kisigino kishikwe nyuma. Na chagua kamba bapa. Za duara hujifungua haraka.

Kitufe cha kuzungusha, kile kinachovuta waya mwembamba, ni kazi ya ufundi safi. Kilianzia kwenye buti za michezo ya theluji, na hufunga kwa sekunde chache hata ukiwa na glavu. Lakini chenye waya mmoja hukaza mguu mzima kwa pamoja. Tena mawe yetu, ya Capri Point hadi Saanane, hukwangua kama tupa, na kitufe kimekaa nje. Kamba ikikatika unaiunga ukaendelea. Waya ukikatika porini nawe huna vipuri, huna la kufanya.

Velkro, ule utepe wa kunatisha, ilibuniwa na Mswisi George de Mestral baada ya kuona mbegu za porini zilivyonasa kwenye manyoya ya mbwa wake. Vilimani kwetu mbegu hizo na mchanga hujaa humo, nayo huacha kushika. Iacheni kwa viatu vya watoto.

Ukinunua mtumba pale soko la Mlango Mmoja, vuta kila kulabu kwa kidole. Iliyolegea inabadilishwa, ngozi iliyochanika kuzunguka tundu ndiyo gharama. Nenda jioni, mguu ukiwa umetanuka, na soksi utakazopandia. Funga hadi juu, kisha tazama safu mbili za matundu: zikikaribia kugusana, buti ni pana kwako hata kama namba ni yako.