Ubao, penseli na barafu ya Mlima Kenya

Mwaka 1899 mwanajiografia Mwingereza Halford Mackinder alishuka Mlima Kenya akiwa na mchoro wa ramani ya sehemu ya juu ya mlima huo. Septemba 13 alikuwa amefika kilele cha Batian, mita 5,199, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, waongozaji wa milima ya Alps. Mizigo ya msafara wao ilibebwa na wapagazi Wakikuyu na Waswahili zaidi ya 100. Hao nao wana haki ya kutajwa kila ramani hiyo inapotajwa.

Watu huniuliza: kilele kisichokanyagika kilipimwaje? Kwa ubao bapa uliokaa juu ya miguu mitatu. Unabandika karatasi, unausawazisha ubao, kisha unalenga kilele kwa rula yenye shabaha na kuchora mstari. Unahamia kituo cha pili, ambacho umbali wake kutoka cha kwanza unaujua, unalenga kilele kilekile. Mistari miwili inapokatana, hapo ndipo kilele kilipo kwenye karatasi. Kazi ilitaka kuamka mapema, kwani mlimani huko mawingu hufunika vilele kabla ya adhuhuri.

Urefu nao uliweza kukadiriwa kwa kuchemsha maji. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Karibu na Lenana, kilele kingine cha mlima huo chenye mita 4,985, huchemka kwenye nyuzi 84 hivi.

Mchoro wa namna hiyo unaonyesha vizuri kitu kilipo, lakini ukingo wa barafu unabaki makadirio ya jicho na mkono. Mwaka 1934 Wajerumani Carl Troll na Karl Wien waliipima barafu ya Lewis, barafu kubwa iliyo chini ya Lenana, kwa picha. Bonde likipigwa picha kutoka sehemu mbili zinazojulikana, umbo la barafu hupimika kutoka kwenye picha zenyewe. Kwa maoni yangu ramani yao ndiyo hazina kubwa zaidi ya mlima huu, kwa kuwa bila mstari wao wa ukingo wa barafu tusingekuwa na pa kuanzia kuhesabu jinsi barafu inavyopungua. Vipimo vya 2010 vilionyesha kwamba Lewis ilikuwa imepoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake wa mwaka 1934.

Nawasihi wenye ramani na picha za zamani za mlima, hata zilizochakaa, wasizitupe. Leo ukipanda njia ya Lenana na ramani ya 1934 mkononi, unasimama juu ya mawe makavu mahali ramani inapokuonyesha barafu.